Miji ya Dirishani: Siku Saba na Mama Bonde la Kilombero

Siku ya kwanza, Ijumaa. Dar es Salaam hadi Ruaha

Mama ana miaka 69, na kwa hesabu yake mwenyewe amelipita bonde la Kilombero zaidi ya mara arobaini. Kwao ni Mahenge, akaolewa Dar, na kila msiba na kila harusi ya ukoo ilimrudisha kule juu. Lakini nilipomwambia mwaka huu twende kwa mapumziko, tulale Ruaha, tulale Mang'ula, tulale Ifakara, aliniangalia kama nimemwambia tukalale stendi.

"Kidatu kuna nini, baba?" Ananiita baba kwa sababu nimebeba jina la baba yake. Akikasirika ndipo jina la shule linapotoka. "Kidatu si tunanunua miwa dirishani, tunaendelea?"

Nami nilikuwa naijua hivyohivyo. Kidatu ni miwa, Mang'ula ni ndizi, Ifakara ni kushuka haraka kwenda msalani huku konda anapiga bati la basi kwa kiganja. Miji yote hii naikumbuka kwa mikono inayonyanyuliwa hadi dirishani na sauti ya "chukua mbili nikupunguzie". Sura za wenye mikono sijawahi kuziona vizuri.

Tumeondoka na treni ya SGR ya asubuhi, Mama akiwa amefunga kanga mbili na sweta juu yake kwa sababu aliambiwa humo ndani kuna baridi. Kweli ilikuwepo. Chini ya saa mbili tulikuwa Morogoro, tukachukua bajaji kutoka stesheni ya Kihonda hadi Msamvu, na huko mambo yakarudi tuliyoyazoea: wapiga debe watatu wameushika mfuko mmoja. Basi la Ifakara lilijaa hadi kwenye njia ya katikati. Barabara kuu inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilometa 50 hivi, tuta baada ya tuta, na abiria wa kushoto wakaanza kuinuka wakiona tembo. Mama hakuinuka. "Hao wapo kila siku," akasema, akaendelea kumenya chungwa.

Mikumi mjini basi linaiacha njia ya Iringa na kukata kushoto, na hapo ndipo bonde linapoanza kujitangaza. Milima ya Udzungwa inakuja upande wa kulia na haiondoki tena hadi Ifakara, kama ukuta wa jirani. Kisha miwa. Kijani hicho kinaanza polepole, shamba la mtu hapa, shamba la mtu pale, halafu ghafla hakuna kingine.

Tumeshuka Ruaha, mji ulio ng'ambo ya Kidatu. Katikati yao unapita mto Ruaha Mkuu: upande wa Ruaha ni wilaya ya Kilosa, upande wa Kidatu ni Kilombero, na kiwanda cha sukari kina mguu kila upande. Kile cha kwanza kilianza 1962, cha pili 1976, na watu hapa hawahangaiki na majina marefu, wanasema Kei Wani na Kei Tuu. Juni msimu wa kusaga umeshaanza. Matrekta yanavuta trela mbilimbili za miwa, na watoto wanakimbia nyuma kunyofoa moja.

Mwenye gesti, dada wa makamo, alituonyesha vyumba, akatuangalia tulivyovaa, akasema: "Shikamoo mama. Kama mna nguo nyeupe msianike nje mwezi huu." Sikumwelewa hadi jioni. Saa moja hivi, upande wa mashambani, anga likawa jekundu: wanachoma miwa kabla ya kukata, ili majani yaungue na wakataji wapate kupita. Nusu saa baadaye vikaanza kushuka vijitepe vyeusi, vyembamba, virefu kama kidole, vinaelea bila haraka. Vikatua kwenye meza, kwenye chai, kwenye kilemba cha Mama. Ukikigusa kinavunjika na kuacha mstari wa masizi. Kwenye kamba ya gesti kulikuwa na shuka moja la bluu tu. Basi kumbe mji mzima una kabati la nguo linalofuata kalenda ya kiwanda.

Mama aliuliza bei ya sukari dukani. Ilikuwa ileile ya Dar. "Na kiwanda kipo hapo?" Muuza duka akacheka, akasema kila mgeni anauliza hilo.

Usiku umeme ukakatika kama nusu saa hivi. Nalitaja tu kwa sababu milima iliyo nyuma ya gesti ina mitambo ya Kidatu, megawati 204, ambayo tangu 1975 imekuwa ikiwasha taa za mbali sana na hapa.

Siku ya pili, Jumamosi. Kidatu hadi Mang'ula

Asubuhi tulivuka daraja kwa miguu. Nilitaka kuona mahali pale stesheni ya Kidatu ambapo reli mbili zinakutana bila kuungana: ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na ile ya zamani iliyoshuka kutoka Kilosa ina milimita 1,000. Tofauti ni kama upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini kiganja hicho kinatosha kulazimisha kila mzigo ushushwe behewa hili na kupandishwa lile. Mama alisimama chini ya mwembe akisubiri nimalize kuangalia vyuma.

Kutoka Kidatu hadi Ifakara sasa ni lami, karibu kilometa 67. Wanaoifahamu barabara ile ya zamani watanielewa nikisema Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kuzibia pua muda wote, akisubiri vumbi ambalo halikuja. Hatimaye akakirudisha kwenye mkoba, kidogo kama mtu aliyenyimwa kitu.

Mang'ula imekaa chini kabisa ya mlima. Ni mji wa barabara moja, migomba, kanisa, msikiti, na karakana kubwa iliyoachwa na Wachina waliojenga reli miaka ya 1970. Makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa yapo hapa, na ukiingia mgahawa wowote utaona kalenda yenye nyani ukutani.

Jioni Mama alikaa jikoni na mama ntilie wa jirani na gesti. Mimi nilikuwa nje nikiwasikia. Yule mama alikuwa akipikia jiko la matofali lililojazwa pumba za mpunga, zinawaka taratibu kutoka chini kama sigara. Akaeleza kwamba zamani wanawake wa vijiji vya chini ya mlima walikuwa na siku yao ya wiki ya kuingia hifadhini kuokota kuni zilizoanguka, na 2011 ruhusa hiyo ikafutwa. Wengine wakapanda miti yao, wengine wananunua mkaa, yeye akajifunza pumba. "Mlima uko pale, mama, unauona," akasema, "lakini ukijani hauchemshi maharage." Mama akamwambia Dar sisi tunanunua gesi, na gesi nayo haichemshi maharage, inakula hela tu. Wakacheka hadi maharage yakataka kuungua.

Siku ya tatu, Jumapili. Sanje, halafu Ifakara

Mama alienda misa. Mimi nilipanda mlima.

Hifadhi hii ilianzishwa 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na tofauti na Mikumi hapa hakuna kuzunguka na gari. Ni miguu yako na mwongozaji. Njia ya maporomoko ya Sanje inaanzia kijiji cha Sanje, kilometa chache kurudi nyuma upande wa Kidatu. Maji yanashuka mita 170 kwa ngazi tatu. Njia ni ya mizizi na majani yaliyolowa, na baada ya dakika ishirini shati lilikuwa limenishika mgongoni.

Mwongozaji, kijana wa pale pale Sanje, alisimama mara moja na kuinua kidole. Juu, mbali, kulikuwa na sauti kama mtu anayecheka kikohozi. "Ngolaga," akasema. Hao ndio nyani wa Sanje, ambao wataalamu waliwafahamu 1979 tu, na inasemekana sauti ndiyo iliwashtua kwanza. Mtaalamu aligundua, lakini babu zake yule kijana walikuwa na jina lake tayari. Mbega wekundu tuliwaona kwa karibu zaidi, wamekaa kwenye tawi mikia imening'inia kama kamba za kengele, wakitutazama kwa dharau.

Pale ngazi ya juu miti inafunguka na unaliona bonde lote. Nilikaa juu ya jiwe kwa muda mrefu. Miwa iko chini kama zulia lililokatwa kwa wembe, kisha mashamba ya mpunga yaliyokwisha kubadilika rangi, kisha ukungu mahali ambapo mto unapaswa kuwa. Njia tuliyopita na Mama ilikuwa uzi. Basi moja lilikuwa likitembea juu yake, na nikafikiri kwamba humo ndani yupo mtu anayenunua miwa dirishani.

Nilipokuwa nastarehe hivyo siafu walikuwa wamepanda suruali. Sitaeleza nilivyocheza. Mwongozaji aligeuka kwa heshima.

Jioni tulipanda basi dogo hadi Ifakara. Mama alinusa shati langu, akahamia kiti cha mbele.

Siku ya nne, Jumatatu. Ifakara

Ifakara ni tambarare kiasi kwamba ukimwaga maji hayajui pa kwenda. Ndiyo sababu ulikuwa mji wa baiskeli: wanawake, mapadri, walimu, wauza samaki, wote juu ya baiskeli, na mwenye kuringa aliweka vioo viwili na pambo la rangi. Siku hizi bodaboda wamechukua nafasi kubwa, lakini asubuhi bado utawaona akina mama wamekaa wima kabisa kwenye tandiko, mtoto mgongoni, debe la mpunga kwenye keria, wanakatiza katikati ya pikipiki bila kugeuza shingo.

Nimewahi kuambiwa maana ya jina Ifakara ni mahali pa kufia. Sijui kama mtoaji wa tafsiri hiyo alikuwa akitania, ila mbu wa hapa hawakuwa utani. Mswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ya utafiti hapa mwaka 1957, na maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani kwa kazi ya malaria. Vyandarua vyenye dawa ambavyo leo tunavipewa kliniki bila kushangaa, mengi tuliyojifunza kuhusu manufaa yake kwa watoto yalitokana na vijiji vya bonde hili. Kando yake ni hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mama alisimama getini kidogo. Mimi na dada yangu tulizaliwa Dar, lakini ndugu zake watano walizaliwa humu, na mmoja alifia humu.

Halafu tukaenda kwenye mashine.

Ukitaka kuielewa Ifakara mwezi Juni, nenda kwenye mashine za kukoboa. Ni mtaa mzima wa vibanda vya mabati, kila kimoja kinanguruma, na hewa imejaa vumbi la pumba linalowasha shingo. Nje mpunga umeanikwa juu ya maturubai na vijana wanaugeuza kwa miguu, wanaburuza nyayo kwa mistari iliyonyooka. Mama alivua kandambili akaingia turubai la mtu bila kuombwa, akachukua punje moja, akaitia kati ya meno ya mbele. Tak. "Huu bado," akamwambia kijana. "Ukikoboa leo utapata chenga." Kijana akamjibu, "Shikamoo bibi, mwenyewe ana haraka, kuna gari la Dar linasubiri." Punje ikiwa na unyevu inavunjika kwenye mashine, na mchele uliovunjika bei yake ni nyingine kabisa. Kila mtu pale anajua hilo, na kila mtu ana gari linalomsubiri.

Ndani tulipata mama mmoja mwenye magunia sita yaliyofunguliwa mdomo. Mama alisema anataka Supa.

"Hii Supa, mama yangu. Supa yenyewe."

Mama akachota kwa kiganja, akapuliza, akanusa kwa muda. Akamwaga. Akachota tena kutoka chini zaidi.

"Umechanganya na Saro."

"Jamani mama!"

"Hapa juu Supa. Huku chini Saro. Harufu imekaa juu tu."

Kwa msomaji asiyekula wali kwa umakini: Supa ni mbegu ya zamani, ndefu, yenye kunukia hadi nyumba ya jirani. SARO 5 ilitoka kwa watafiti, inazaa zaidi kwa eka na kuwahi kukomaa, na mkulima mwenye akili hupanda zote mbili. Mchuuzi mwenye akili, naye, huzikutanisha. Yule mama hakukasirika hata kidogo. Akaangua kicheko, akapiga magoti kwa heshima ya utani, akafungua gunia la saba lililokuwa nyuma ya mlango. "Hili la wanaojua," akasema. Tulinunua kilo ishirini, nami nikazibeba. Mama alitembea mbele yangu kama mtu aliyeshinda kesi.

Usiku tulikula wali huo na kitoga, samaki wa mtoni, wa moshi kwa nazi. Gesti haikuwa na maji, na meneja alituletea ndoo mbili huku akituambia yanakuja sasa hivi. Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia kwa saa kumi na mbili.

Siku ya tano, Jumanne. Mtoni, Lupiro, hadi Mahenge

Kilometa chache kusini mwa mji uko mto Kilombero, na siku hii ndiyo niliyoijia.

Nilikuwa na miaka minne, mwanzoni mwa miaka ya 1980, tukaenda kumzika babu, huyo niliyerithi jina lake. Pantoni ilikuwa mbovu. Tulikaa kivukoni siku mbili, maelfu ya magunia na watu, mto umejaa hadi huoni ng'ambo vizuri, na babu akazikwa bila Mama. Mimi nakumbuka vitu viwili tu: kiboko akipumua usiku, na samaki. Mama anakumbuka aliyetupa samaki. Mwanamke wa Kindamba, aliyekuwa akikausha kitoga juu ya uchanja, alitulisha siku zote mbili na kusema utanilipa ukirudi. Mama aliporudi alimlipa, na tangu siku hiyo kila safari alishuka kumsalimia wakati magari yakisubiri zamu. Januari 2016 kivuko kilizama hapa. Miaka miwili baadaye daraja likazinduliwa, mita 384, likaitwa Daraja la Magufuli, na basi likaacha kusimama. Mama hakumwona tena.

Nilimwomba dereva wa gari ndogo tuliyokodi atushushe kabla ya daraja. Tukafuata njia ya zamani. Lami inakwisha, kisha kokoto, kisha majani yaliyofika kiunoni, na mwisho wake ni ule mteremko wa saruji ambao magari yalishukia, umeingia majini taratibu kana kwamba bado unangoja kitu. Mitumbwi mitatu ilikuwa imefungwa pale. Mvulana alikuwa akikwangua magamba ya perege. Pembeni nguzo za vibanda bado zimesimama, bila paa.

Mzee mmoja alikuwa akishona wavu. Mama akamwamkia, akaanza kueleza: mwanamke mrefu, ana pengo hapa mbele, banda lake lilikuwa la tatu kutoka majini. Mzee hakuacha kushona. "Wengi, mama. Wote walikuwa na banda la tatu." Kisha, baada ya kimya: wauzaji waliondoka mwaka uleule wa daraja, wengine wako barabarani, wengine Lupiro, wengine wameenda mashambani huko dungu kulinda mpunga na hawatarudi hadi mavuno yaishe. Hakuna aliyekufa kwa daraja, akasema, daraja ni zuri, mgonjwa anafika hospitali. Ila samaki anataka mtu mwenye muda wa kusubiri, na sasa hakuna anayesubiri.

Tulinunua perege wawili kwa yule mvulana. Mama alilipa bila kubishania bei, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Darajani aliniambia nihesabu. Kwa mwendo wa dereva wetu ilikuwa sekunde ishirini na sita. Kutoka juu unaliona bonde linavyofanya kazi yake: mto mmoja umegawanyika kuwa mingi, vidimbwi, matete, nyangenyange wamesimama kama vitambaa vilivyotupwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka humu, na yote hayo sasa yanaelekea kwenye bwawa la Julius Nyerere. Mwaka 2002 bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za dunia, kwa ndege hao na kwa sheshe, swala wa majimaji ambaye zamani alijaa hapa kwa makumi ya maelfu. Nilitazama sana. Niliona ng'ombe.

Lupiro ni njia panda: kulia Malinyi, ukiendelea unapanda Mahenge. Mji wenyewe ni mistari miwili ya maduka, trekta ndogo za mkono zimeegeshwa kama pikipiki, na kila kabila limo: Wapogoro, Wandamba, Wabena, Wasukuma waliokuja na mifugo, Wamang'ati wenye fimbo mabegani. Mama aliuliza kwa wauza samaki wanne. Wa nne alisema anamfahamu mwenye pengo, ila alikuwa mfupi. Tukala ugali, tukaondoka.

Kutoka hapo ni vumbi, na Mama akakitoa kile kitambaa, ameridhika. Gari linapanda kona baada ya kona, masikio yanaziba, na kila kona bonde linakuwa dogo kidogo nyuma yenu. Mahenge tulifika saa kumi na mbili jioni. Mjomba alikuwa barabarani na koti zito. "Mmechelewa siku nne," akasema. Mama akanyoosha kidole kwangu.

Siku ya sita, Jumatano. Mahenge

Baridi. Watoto wanaenda shule na masweta, na ukungu unakaa juu ya paa hadi saa tatu.

Mjomba alitupeleka bomani. Wajerumani walilijenga hapa kwa sababu ukisimama uwanjani unaona kila anayepanda. Tarehe 30 Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia, Wapogoro na Wambunga, wengi wakiamini dawa itageuza risasi kuwa maji. Bunduki za rashasha ziliwapokea kwenye mteremko huu huu ambao leo una bustani za maharage. Kilichofuata kiliua wengi kuliko risasi: mashamba na maghala yalichomwa, ikaja njaa. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, Mahenge ikawa ngome ya Wajerumani tena, hadi Oktoba 1917 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo lilipoiteka. Mjomba anasimulia yote haya akionyesha kwa fimbo, kama aliyekuwepo, na akifika mahali pa maghala sauti inashuka. Bibi yake alikuwa mtoto njaa ile.

Mchana nilienda mtaa wa mawe. Mwaka 2007 huko Ipanko yalitoka mafuwele makubwa ya spineli, jiwe la thamani, nyekundu yenye pinki, moja la zaidi ya kilo hamsini, na tangu hapo kijana wa Mahenge hawezi kuona jiwe bila kuligeuza. Madalali wamekaa kwenye benchi nje ya duka la soda, tochi ndogo mfukoni, kibano kidoleni. Mmoja alinifungulia karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani kulikuwa na punje tano kama za mpunga, na alipoweka tochi chini yake karatasi ikawaka pinki hadi kwenye kucha zake. Alitaja bei. Nikaikunja karatasi mwenyewe, kwa uangalifu, nikamrudishia. Mjomba naye aliwahi kuwa na jiwe, akaliuza kwa bati ishirini na godoro. Bati bado zipo.

Jioni tulimtembelea dada wa binamu yao Mama. Ana kifafa tangu utotoni, na mkono wake wa kushoto umekunjamana kwa moto alioangukia jikoni. Milima hii ina kifafa kwa wingi usio wa kawaida. Daktari Louise Jilek-Aall, Mnorwei, alifungua kliniki kwa ajili yao hapa zaidi ya miaka sitini iliyopita, wakati wagonjwa wakifichwa na kuogopwa hata kuguswa, na watafiti wamekuja kukihusisha kifafa hiki na usubi, ugonjwa unaoenezwa na vijinzi vya mito yenye kasi. Dawa ya usubi inagawiwa sasa. Shangazi yule alikuwa na miaka kumi na mitano alipoanza kwenda kliniki hiyo. Alitupikia yeye mwenyewe, kwa mkono mmoja, na alipomtumbukizia Mama nyama ya pili kwenye sahani alisema: "Kula. Ulikuja na basi miaka yote hukulala hata siku moja."

Maana siku zote Mama alilala kwa Mjomba. Nyumba hizi mbili zimetenganishwa na shamba moja la mihogo.

Siku ya saba, Alhamisi. Kurudi

Basi la alfajiri, saa kumi na moja. Mchele wa Ifakara, maharage ya Mahenge, kuku wawili wa Mjomba waliofungwa miguu, na chupa ya asali ambayo hadi sasa sijui nani aliiweka kwenye begi langu.

Safari hii hatukushuka popote. Mama alikaa dirishani. Lupiro alinunua mahindi ya kuchoma, akamuuliza muuzaji kitu ambacho sikukisikia, muuzaji akatikisa kichwa. Baada ya hapo akaegemea kioo na kulala, mdomo wazi kidogo, hindi limebaki nusu mkononi.

Daraja lilipita. Nilihesabu tena bila kuambiwa, thelathini na moja, basi lilikuwa zito. Ifakara ikapita, konda akapiga bati. Kiberege ikapita. Tulipokuwa tunaikaribia Mang'ula, mlima ukiwa sasa upande wa kushoto, akafungua macho, akajifuta shavu kwa upindo wa kanga, akatazama nje.

"Baba, pantoni tumeshavuka?"

"Zamani, Mama."

Akala hindi lake.